Uhifadhi wa Wanyamapori au Upigaji Picha za Asili: Kijana Aanzie Wapi?

Kijana wa Tanzania anayetaka kuishi kwa kazi ya wanyamapori ana njia mbili, ambazo hukutana porini lakini huanzia mahali tofauti kabisa. Mlango wa uhifadhi ni darasa: Chuo cha Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963 kwenye miteremko ya Kilimanjaro, hufundisha usimamizi wa wanyamapori, na Pasiansi, jijini Mwanza, huandaa askari wa doria. Anayeajiriwa na TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa), TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori) au Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro hupata mshahara wa uhakika, ingawa hupangiwa kituo asichokichagua, huishi kwa nidhamu ya kijeshi, na hukabili majangili wenye silaha.

Upigaji picha hauna mwajiri wala pensheni. Lenzi ndefu, ya kumfikia chui juu ya mgunga bila kumsumbua, ni ghali mno, na bado kuna kiingilio cha hifadhi, gari, na siku za kusubiri makundi ya nyumbu, ambayo kwa kawaida huvuka Mto Mara kati ya Julai na Oktoba, lakini yanaweza kufika ukingoni na kugeuka. Faida yake ni uhuru na ushawishi, kwa kuwa picha moja nzuri humgusa mtu ambaye hatasoma kamwe ripoti ya doria.

Kwa maoni yangu, asiye na mtaji aanze na uhifadhi, kwani anayejua mienendo ya tembo na mwelekeo wa upepo hupiga picha bora kuliko mwenye kamera ya gharama peke yake.