Wiki 6 kwenye kikundi cha kuimba cha kiangazi: uzoefu wangu kama mpiga kinanda

Nimepiga kinanda miaka 14, sehemu kubwa nikiwasindikiza waimbaji, na lalamiko nililolisikia kuliko yote ni kwamba nawakimbiza. Nilifanya mazoezi na metronomu, kile kifaa kinachogonga mapigo ya kasi moja, mpaka nikachoka. Haikusaidia, kwa sababu mapigo yangu hayakuwa na kasoro. Kiangazi kilichopita nikajiunga na kikundi cha kuimba cha likizo: wiki 6, mazoezi siku 4 kwa wiki, watu 19, bila ala yoyote. Haya nawaandikia hasa wapiga ala wenzangu wanaodhani kuimba si kazi yao.

Nilipangwa sauti ya tatu. Noti nilizisoma haraka kuliko wengi, lakini siku ya pili mwalimu alinisimamisha kwenye noti moja tu. Sauti ya nne, yaani besi, walishika do, ya pili so, ya kwanza do ya juu, sisi tukapewa mi. "Hiyo mi yako ni ya kinanda," akaniambia, "ishushe kidogo." Sikuelewa, kwangu mi ilikuwa mi. Akatutaka tuimbe kwa irabu "u", taratibu, kila mmoja akisikiliza besi badala ya kujisikiliza mwenyewe. Nikaishusha kidogo mno, kama mtu anayelegeza kamba ya gitaa kwa unywele mmoja. Ule mkwaruzo uliokuwa ukitusumbua masikioni ukatoweka, na juu yetu ikasikika sauti nyembamba ambayo hakuna aliyekuwa akiiimba. Nilisisimka mwili mzima.

Kumbe ni hesabu. Kinanda hugawa oktava, yaani umbali wa do hadi do ya juu, katika hatua 12 zilizo sawa, kila moja nusu toni, ili wimbo upigike ukianzia noti yoyote, na kwa mpangilio huo mi hukaa juu ya mahali pake pa asili kwa takriban sehemu 14 kati ya 100 za nusu toni. Koo halifungwi na mpangilio huo. Linaweza kuitafuta ile mi ambayo mitetemo yake kwa mitetemo ya do ni 5 kwa 4. Miaka yote hiyo vidole vyangu vilikuwa vinapokea noti zilizokwisha kutengenezwa. Pale ndipo nilipoanza kuitengeneza noti mwenyewe, tena nikiwategemea wenzangu.

Funzo la pili lilikuwa pumzi, na hili ndilo lililogusa kazi yangu. Kwenye sentensi ndefu tulifundishwa kupumua kwa kupokezana: usipumue pamoja na jirani yako, usipumue mwisho wa mstari ambapo kila mtu anatamani kupumua, na ukirudi, rudi kwa sauti ndogo ili msikilizaji asijue kwamba ulitoka. Inabidi umjue aliyesimama kando yako. Kufikia wiki ya 4 nilikuwa nahisi bega la jirani yangu likiinuka, nami najua hapo nishikilie mpaka arudi.

Si kila kitu kilikuwa kizuri. Sauti ya kwanza walikuwa 8, sisi wa tatu 3, na badala ya kuwaomba wale washushe, mwalimu alitusukuma sisi tuongeze. Wiki ya 3 nilikauka koo siku 5 nzima. Hilo kwangu ni kosa la uongozi, na ukikutana nalo usikubali: koo likianza kuuma, nyamaza, kunywa maji, fuata noti kwa macho. Pia tulikuwa tunashuka. Tukimaliza wimbo, mwalimu anagonga kile kichuma chake chenye miguu miwili, kinachotoa noti ya la yenye mitetemo 440 kwa sekunde, tunajikuta chini kwa karibu nusu toni. Tulijifunza kwamba mara nyingi tunaangukia kwenye noti zinazorudiwa na kwenye hatua za kushuka, ambazo mtu huzichukua kubwa mno. Tamasha la mwisho lilikwenda vizuri, ila mimi mazoezi ndiyo niliyoyafuata pale.

Sasa nikipokea wimbo mpya, naimba kwanza kila mstari nitakaoupiga, hata wa mkono wa kushoto. Pale ninapohitaji hewa, naacha nafasi. Mwimbaji ninayemsindikiza mara nyingi alimaliza wimbo mmoja, akakaa kimya kidogo, kisha akaniambia, "Leo umenisubiri." Kasi ilikuwa ile ile ya siku zote, nilikuwa nimepumua naye tu.

Kama unatafuta mtu wa kukulea sauti yako peke yako, kikundi hakitakutosha, tafuta mwalimu. Lakini kama unapiga ala na watu wanasema upigaji wako ni sahihi ila hauwagusi, nenda. Mimi nimeshajiandikisha tena. Safari hii nimeomba kusimama katikati ya safu, si pembeni, nisikie pumzi za pande zote mbili.