Bahmni kwenye hospitali ndogo ya kisiwani Lamu: uzoefu wangu

Hospitali ninayoizungumzia ina vitanda visivyofika thelathini: mapokezi, chumba cha kupima joto na presha, vyumba viwili vya kuonea wagonjwa, maabara, dirisha la dawa na wodi ya uzazi. Hakuna mtaalamu wa kompyuta kwenye orodha ya wafanyakazi. Intaneti ni ya simu, na kifaa kikiharibika lazima kipande boti. Aliye Malindi mjini, mwenye fundi ng'ambo ya barabara, apunguze ukali wa nusu ya maneno yangu.

Kwa asiyeijua, Bahmni ni fungu la programu kadhaa za kuendeshea hospitali. OpenMRS inashika faili la mgonjwa, OpenELIS ni ya maabara, Odoo ni ya malipo na stoo, dcm4chee ni ya picha za eksirei. Ilianzia hospitali ya mashambani ya Ganiyari, India. OpenMRS yenyewe ina nasaba ya Kenya, maana kabla ya mradi kuanza mwaka 2004 kazi iliyoutangulia ilifanyika Mosoriot na Eldoret. Inaonekana imetengenezwa na watu waliowahi kuona benchi lililojaa wagonjwa saa mbili asubuhi. Leseni hailipiwi. Pesa zako zitakwenda kwenye umeme, kebo na mtu wa kuiangalia.

Naipendekeza, ila kwa sharti moja: seva, yaani kompyuta inayotunza data ya wote, ikae ndani ya hospitali. Mwuzaji akikuambia data yote ikae mbali na wewe uifikie kwa intaneti, muulize karani atafanya nini mtandao wa simu ukipotea na watu arobaini wako foleni. Kompyuta ndogo yenye RAM ya GB 16 na diski ya SSD inatosha, mradi usiwashe vipande vyote vya Bahmni kwa pamoja. Kwenye faili la mipangilio, .env, kuna mstari wa COMPOSE_PROFILES ambapo unachagua vipande vya kuwasha. Anza na faili la mgonjwa peke yake, watu wazoee, kisha maabara, halafu dawa. Kampuni za kufunga mifumo hupenda kuwasha kila kitu siku moja ili walipwe waondoke, na hapo ndipo wauguzi hurudi kwenye daftari wasirejee tena.

Umeme uhesabiwe kabla ya kununua chochote. Seva ndogo inakula kama wati 25, swichi ya mtandao wati 8, na vituo viwili vya waifai wati 8 kila kimoja. Hiyo ni takriban wati 50 mchana na usiku, yaani wati-saa (Wh) 1,200 kwa siku. Betri ya lithiamu ya volti 12.8 na ampea-saa (Ah) 200 ina Wh 2,560. Ukitumia asilimia 80 yake na kuondoa kinachopotea njiani, unapata kama siku moja na nusu bila jua wala stima. Paneli za wati 350 zingetosha kwa jua la Januari, lakini weka 600 kwa ajili ya mawingu ya Mei. Yale masanduku ya UPS ya dukani, ya kushika umeme ukikatika, yenye betri ya risasi hayafai kuwa tegemeo: hushika dakika chache tu, na umri wa betri ya risasi hupungua karibu nusu kwa kila nyuzi 10 juu ya 25. Chumba cha seva huku hakishuki nyuzi 25 hata usiku. Kwa watumiaji chukua laptopu, si kompyuta za mezani, kwa sababu kila laptopu inabeba betri yake.

Adui wa pili ni chumvi. Feni inavuta hewa ya bahari na kuilaza juu ya saketi, kwa hiyo tafuta kompyuta isiyo na feni. Vichwa vya kebo vinaota kutu ya kijani, na dalili yake ni mtandao unaokuja na kwenda bila sababu. Badilisha vichwa kabla hujailaumu programu. Kuta nene za matumbawe nazo zinameza waifai, hasa ile ya GHz 5. Pitisha kebo hadi kila chumba, isizidi mita 100 kwa kipande, na waifai ibaki ya wodini. Kati ya jengo na jengo tumia faiba, maana radi ikipiga karibu haisafiri ndani ya kioo kama inavyosafiri kwenye shaba.

Sasa mapokezi. Hapa ndipo mfumo husimama au huanguka, na hapa ndipo wabunifu wengi hawakai hata nusu saa. Bahmni hutafuta jina kwa herufi. Andika Fatma, na Fatuma haji. Khadija ni Hadija, Athman ni Othman au Uthman, Omar ni Umar, na Mohamed ana tahajia zaidi ya nne. Karani asipomwona mgonjwa kwenye skrini anamsajili upya, na baada ya miezi michache mtu mmoja ana mafaili matatu, kila moja lina kipande cha ugonjwa wake. Kinachosaidia ni kanuni, na iandikwe ukutani: tahajia moja kwa kila jina la kawaida, majina matatu daima, la mtu, la baba na la babu, jina la mtaani kwenye sehemu yake yenyewe, maana kuna watu ambao kijijini kwao hakuna anayelijua jina lao la kitambulisho. Kijiji kichaguliwe kwenye orodha (Faza, Siyu, Pate, Kizingitini na vinginevyo), kisiandikwe kwa mkono. Namba ya simu usiitegemee kumtambulisha mtu, kwani simu moja hutumiwa na nyumba nzima.

Namba ya mgonjwa nayo ina mtego. Mpangilio wa kawaida wa Bahmni ni herufi chache na tarakimu zinazofuatana, kwa hiyo ukikosea tarakimu moja unafungua faili la mtu mwingine aliye hai. OpenMRS ina njia nyingine, namba yenye alama ya ukaguzi mwishoni ya kufichua tarakimu iliyokosewa, inayoziacha B, I, O, Q, S na Z kwa sababu macho huzichanganya na tarakimu. Iwashe mapema, kabla ya kadi ya kwanza kuchapishwa. Lebo za kadi zichapishwe kwa printa ya utepe wa wino. Zile za joto pekee, kama risiti za supamaketi, hufutika kadi ikikaa mfukoni kwa jua la hapa.

Umri pia. Ukiandika “miaka 5”, mfumo unabuni tarehe ya kuzaliwa na kuweka alama kwamba ni makadirio. Fomu ya ripoti ya Wizara ya Afya, MOH 705A, ni ya walio chini ya miaka mitano na 705B ni ya wengine, kwa hiyo makadirio mabaya yanamhamisha mtoto kutoka ripoti moja hadi nyingine. Mlazimishe karani ajaze miezi kwa mtoto mdogo, na aulize kijitabu cha kliniki cha mama kabla ya kukisia. Mtoto mchanga asiye na jina asajiliwe kwa jina la mama yake, mapacha wakitofautishwa kwa wa kwanza na wa pili, na jina libadilishwe siku ya chanjo.

Kosa la saa ndilo linalosumbua kimyakimya kuliko yote. Vipande vya mfumo vikiachwa kwenye saa ya kimataifa, kila kitu kinachotokea kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku kinaandikwa siku iliyopita, kwa kuwa Kenya iko mbele kwa saa tatu. Watoto huzaliwa sana saa hizo. Usiku wa kuamkia tarehe mosi wanaingia kwenye ripoti ya mwezi uliopita, na hesabu ya wodi haitalingana na ya mfumo hata ukeshe. Weka Africa/Nairobi kwenye kila kipande, pamoja na hifadhidata. Badilisha pia kile kibetri cha CR2032 ndani ya seva kila baada ya miaka michache: kikifa, mashine ikizimika pasipo intaneti huamka na tarehe ya kale.

Dirisha la dawa linashindwa kwa sababu ya vipimo vya kuhesabia. Bahmni hupiga hesabu yenyewe, kipimo mara idadi kwa siku mara siku. Mtoto wa kilo 12 mwenye malaria akiandikiwa kidonge kimoja cha artemether na lumefantrine mara mbili kwa siku tatu, inatoka 6, na ni sahihi. Lakini dawa ya maji ya ml 5 mara tatu kwa siku tano inatoka 75, na stoo ikihesabu kwa chupa, chupa 75 zinaondoka kwenye rafu ambayo haijawahi kuwa nazo. Vidonge vinavyokuja kwenye kopo la 1,000 vina shida hiyo hiyo kwa upande wa pili, mpokeaji akiandika 3 akimaanisha makopo. Amua kipimo kimoja cha kuhesabia kwa kila dawa, kidonge au mililita au chupa, kabla ya kuingiza stoo. Uzito uwe wa lazima kwa kila mtoto na uwekewe mipaka, la sivyo mtoto mchanga wa gramu 3,200 ataandikwa kilo 3,200.

Fomu ya daktari isizidi skrini moja. Ugonjwa uchaguliwe kwenye orodha fupi ya yale yanayoonekana kila siku. Mfumo unaruhusu kuandika ugonjwa kwa maneno huru, lakini maneno hayo hayahesabiwi kwenye ripoti, na afisa wa rekodi atarudi kuhesabu kwa kalamu.

Maagizo ya maabara na dawa husafiri kutoka kipande hadi kipande nyuma ya pazia. Yanayoshindwa kufika hubaki kwenye jedwali la failed_events, na hakuna kengele inayolia. Maabara watasema hawajaona agizo, daktari ataapa ametuma, na wote wako sahihi. Mtu mmoja alikague jedwali hilo kila asubuhi.

Nakala ya akiba ifanywe kila usiku kwenye diski iliyofungwa kwa neno la siri. Diski ziwe mbili, na moja ivuke bara kwenda kukaa Mokowe au kwingineko. Nakala ya hifadhidata peke yake haibebi picha za eksirei, hizo zina folda yake. Jaribu kurejesha kwenye mashine nyingine, kwa sababu nakala isiyojaribiwa huijui. Na amri ya kuzima mfumo, docker compose down, ikiwekewa -v mwishoni hufuta data pamoja na programu. Fundi wa kupita asipewe nafasi ya kuiandika.

Siri ni ngumu zaidi kisiwani kuliko mjini, kwani karani ni binamu wa nusu ya foleni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, lakini kinachomlinda mgonjwa kila siku ni skrini isiyotazama benchi, akaunti ya kila mtu peke yake, na mapokezi wasiokuwa na ruhusa ya kufungua kliniki ya VVU. Neno la siri moja kwa zamu nzima litatokea tu, hasa usiku. Punguza hatua za kuingia na kutoka badala ya kugomba.

Kwa zahanati ya muuguzi mmoja siipendekezi. Daftari na KHIS, mfumo wa serikali wa ripoti za afya, vinamtosha, maana atatumia muda mwingi kutunza betri kuliko kuona watu. Kwa hospitali yenye maabara na wodi, tenga miezi mitatu ya karatasi na skrini kwa pamoja, huku fomu za karatasi zikipangwa kwa mfuatano ule ule wa skrini, ili stima ikikatika kabisa mtu aandike bila kufikiri na baadaye aingize kwa tarehe ya siku ile. Madai ya SHA, mamlaka ya bima ya afya, bado yatakuwa kazi ya pembeni, kwenye lango lake yenyewe, kwa hiyo dawati la malipo liongezewe mtu na si kupunguziwa.