Tredimili imenidanganya spidi, halafu naambiwa nipunguze mbwembwe

Hii nilitaka niiandike siku ileile ila nilikuwa na hasira sana, hata sasa bado ninazo.

Mimi nakimbia nusu marathoni, yaani kilomita 21, ile ya Kilimanjaro pale Moshi nilimaliza kwa masaa mawili na dakika zaidi ya kumi, nikajiapiza nikirudi lazima nishuke chini ya masaa mawili. Hapa Dar kukimbia kwa kasi barabarani ni shughuli, alfajiri giza na bodaboda, saa mbili jua limeshawaka, basi nikalipia jimu miezi mitatu kwa ajili ya tredimili tu, ile mashine ya kukimbilia ndani. Vyuma sigusi.

Programu yangu ilikuwa intavo, dakika 4 spidi 12, yaani kilomita 12 kwa saa, dakika 2 natembea, mara tano. Siku nyingine dakika 20 mfululizo kwenye 10.8, maana kumaliza ndani ya masaa mawili unatakiwa ukae kama 10.6 mwanzo mpaka mwisho. Mwinuko naweka asilimia 1 kufidia upepo ambao ndani haupo, na mara moja kwa wiki napandisha mpaka 5 kwa ajili ya kile kilima cha kuelekea Mweka, aliyekimbia anakijua. Wiki ya nne nikawa namaliza intavo zote tano bila kushika vyuma vya pembeni, jamani nilifurahi, nikamwambia mpaka mama yangu.

Jumapili moja nikaenda Daraja la Tanzanite nijipime. Spidi 12 ni dakika 5 kwa kilomita. Sikufika hata kilomita moja na nusu, pumzi zimekata kabisa nikasimama nashika magoti. Nikajua naumwa.

Siumwi! Ni ile tredimili ya jimu, mguu ukitua mkanda wake unasita kidogo, kama unateleza, nilikuwa nausikia siku zote nikadhani ndo kawaida yake. Nikaenda na futi na chaki, mkanda mzima ni mita 3, kwa hiyo kwenye spidi 12 inabidi uzunguke kama mara 67 kwa dakika. Mtupu unazunguka 66, safi. Shoga yangu akapanda akakimbia, nikahesabu ile alama ya chaki, 57! Tukarudia, 57 tena. Hiyo ni spidi 10 na kidogo, yaani intavo zangu zote nilikuwa nakimbia taratibu kuliko mbio zenyewe, mwezi mzima umepotea hivyo!

Nikaenda mapokezi kwa adabu zangu zote, nikamweleza yule kijana, kaka mkanda umelegea, mwiteni fundi akaze zile boliti mbili za nyuma na atie mafuta ya silikoni, siyo kazi kubwa. Hata macho hakuinua kwenye simu. "Mama, hizi mashine ni za kupunguza tumbo, punguza mbwembwe, ukitaka mbio nenda uwanjani." Na wenzake wakacheka. Mimi nimelipa hela yangu kamili, ya miezi mitatu, mkupuo, halafu tumbo langu linaingiaje hapo?

Sasa kusema tredimili haifai nitakuwa mwongo. Hapo katikati shoga yangu akanikaribisha kwao, wana mashine chini ya jengo lao, tukaipima kwanza kwa chaki, iko sawa. Wiki tatu tu za intavo zilezile, zamu hii spidi 12 ya kweli, mwanzoni namaliza mbili nashuka, na juzi darajani nimekimbia kilomita tatu, kila moja kwa dakika 5:10, bila kusimama. Barabarani ukichoka unapunguza bila hata kujua, pale mkanda haukusubiri, ndo mwili unazoea kukaa kwenye kasi wakati umeshachoka. Kwa hilo naisifu kwa moyo wote.

Nilipanga niwape hata nyota mbili kwa sababu wapo karibu na nyumbani na maji ya kuoga yapo. Ila jana nimepita pale, mashine ileile, bado inasita, na dada mwingine yuko juu anakimbia kwa nguvu zake zote anaangalia namba kwenye kioo. Hapana, siwapi hata moja. Nimemsubiri mpaka ameshuka nikampa chaki.