TAHADHARI: "Atmos" za mzigo wa hoteli zinazozungushwa hapa Unguja

Assalaamu alaykum. Hii ni kwa wenye vyumba vya sinema majumbani na kwa wanaojiandaa kuongeza spika.

Kuna bwana anazunguka Mjini, Kiembesamaki, Fuoni mpaka Bububu, anauza amplifaya na spika za dari, ati ni za Atmos (mfumo wa sauti ya sinema inayotoka mpaka juu), kwa maneno ya "mzigo wa hoteli". Ati kuna hoteli ya upande wa Kiwengwa inabadilisha vifaa, na meneja kampa yeye aviondoshe kimyakimya. Ukimuuliza hoteli gani, hataji, "wasije wakaniharibia". Jina lake linabadilika kila nyumba na laini ya simu pia, kwa hivyo nikiweka jina hapa halitowasaidia kitu. Naweka namna anavyofanya.

Mie kazi yangu ni kufunga sauti, misikitini na majumbani. Mtambo wa kwanza wa bwana huyu niliukuta kwa shemegi yangu, Fuoni. Shemegi alikuwa na seti yake ya 5.1, yaani spika tano na subufa moja ya besi, nzima kabisa, akataka kupanda mpaka Dolby Atmos, yaani aweke na spika za juu ili helikopta ipite kichwani na mvua isikike inatoka darini. Akauziwa amplifaya na spika nne za dari kwa milioni moja na laki nane, kufungiwa bure. Tangu hapo nimeletewa nyengine, moja imetoka Wete, Pemba, kwa boti, na zote ukizifungua mchezo ni ule ule.

Atmos imeingia majumbani mwaka 2014. Amplifaya iliyotengenezwa miaka ya nyuma yake haiijui kabisa, hata ukiibandika stika mbele na pembeni. Anayouza yeye ni ya 5.1 au 7.1 (spika saba na subufa) ya zamani, mtumba wa Japani, kaipiga nembo ya Atmos usoni. Nyaya za spika za dari kazichomeka kwenye matundu yale yale ya spika za nyuma, juu kapiga kifuniko cha plastiki ati vumbi lisiingie. Akija kukuonesha anaiweka kwenye ile hali ya "multi channel stereo", ambayo kila spika inapiga kitu kimoja. Chumba kinalia, dari linalia, na wewe umo katikati unafurahi. Kioo cha amplifaya kakizima kwa rimoti. Anasema ndivyo sinema za kweli zilivyo, kusiwe na mwanga. Kingekuwa kinawaka kingeandika wazi wazi kinapiga nini, na neno Atmos usingeliona. Wala haweki filamu. Kwa shemegi aliweka taarabu, tena kwa sauti ya uwanja wa harusi.

Kama ingekuwa ni kupunjwa tu, mtu angesema hewala, nimepata spika za dari. Lakini mtambo wenyewe hauwezi kuishi hivyo. Spika ya ohm 8 (ohm ni kipimo cha ukinzani; ikishuka, amplifaya inabeba mzigo zaidi) ukiifunga sambamba na nyengine ya ohm 8, amplifaya inaona ohm 4, na nyingi ya hizi nyuma zimeandikwa mwisho wa chini ni 6. Ukisikiliza kwa sauti ya chini watoto wamelala, hutogundua kitu. Pandisha sauti nusu saa, joto la Kaskazi nalo limo chumbani, inachemka na kujizima kujilinda. Shemegi alikuwa akidhani umeme mdogo, akawa anaiwasha tena na tena.

Na umeme ndio unaonitisha zaidi. Vifaa vya soko la Japani ni vya volti 100, wetu sie ni 230. Kwa kawaida nyuma huandikwa "AC 100V", na kwenye ile ya Wete maandishi hayo yalikuwa yamefunikwa kwa karatasi iliyochapwa 220V. Pamoja na amplifaya, bwana yule hutoa kisanduku anachokiita stabilaiza. Si stabilaiza, ni transfoma ya kushusha umeme, tena ndogo, ya wati 300, kwa mtambo ulioandikwa nyuma kuwa unakula zaidi ya wati 400. Mwenyewe wa Wete akaona ana stabilaiza kubwa ya friji, akaona bora ahamishie huko, na mtu yeyote mwenye akili zake angefanya hivyo maana kaambiwa ni kitu kimoja. Stabilaiza ya friji inatoa 220. Moshi ulitoka mpaka sebuleni. Bahati kulikuwa na mtu macho.

Sisemi mitumba ya Japani ni mibaya. Yangu ya chumbani ni mtumba, ina transfoma yake ya saizi inayostahiki, na siibadilishi kwa mpya ya bei rahisi. Ubaya ni kuficha.

Waya anaotoa nao ni alumini iliyopakwa shaba, anauhesabu kama shaba tupu. Ukwangue kwa kisu: shaba ni nyekundu mpaka ndani, huu unatoka mweupe. Kwa hewa yetu hii ya chumvi, ncha zake zikiachwa wazi zinaliwa mapema. Wati "5000" zilizoandikwa kwenye boksi la subufa msizijadili hata kidogo.

Akija kwako, au mwengine yeyote mwenye mzigo wa namna hii, kabla hujatoa pesa mwambie awashe kioo na afungue menyu ya spika. Humo kuna sauti ya majaribio, ule mvumo wa "shshsh" unaokwenda spika moja moja kwa zamu. Kaa usikilize. Spika za dari zikivuma wakati mmoja na za nyuma, basi zimeunganishwa, hapana haja ya kubishana. Halafu geuza mtambo uhesabu matundu. Atmos ndogo ya kawaida yenye spika mbili za juu, ile wanayoiandika 5.1.2, inataka jozi saba za nyaya, bila ya subufa, na jozi mbili ziandikwe "Height" au jina la karibu na hilo. Ukitaka nne za juu ni jozi tisa. Chukua namba ya modeli iliyo nyuma, si ya usoni, uitafute kwenye simu uone mwaka na volti zake. Muuzaji wa kweli, wa Darajani au Mlandege, hakukasirikii kwa hayo. Wengine watakugeuzia mtambo wenyewe. Huyu bwana hapo ndipo anapopigiwa simu na "mteja mwengine anayesubiri Mombasa", na pesa anaitaka usiku huo huo, yote, mkononi.

Risiti hatoi. Dhamana ya mwaka mzima anaitoa, kwa mdomo. Tume ya Ushindani Halali wa Biashara inapokea malalamiko ya wanunuzi, lakini utawaambia wamfuate wapi mtu asiye na duka wala jina? Waliouziwa na wana picha za gari au meseji zake, wazihifadhi wazipeleke polisi, zikikusanyika pamoja zina uzito kuliko mmoja mmoja. Watu wa Chake na Mkoani, nasikia sasa anatuma mizigo kwa boti na anataka alipwe kwa simu kabla haijashuka. Msilipe kitu hamjakiwasha.

Na kama umeshanunua, usiuwashe leo. Chomoa nyaya za dari, bakisha jozi moja kwa kila tundu, uangalie volti nyuma, na kama kuna karatasi imebandikwa juu ya maandishi ibandue usome ya chini. Ikiwa ni 100, hicho kisanduku alichokupa usikiondoe ukachomeka mtambo moja kwa moja ukutani, wala usikitegemee. Tafuta transfoma ya wati 1000 ya kushusha 230 kwenda 100, kwani zile za kushusha mpaka 110 volti zake zimezidi kwa mitambo hii. Ukiwa na transfoma hiyo, spika zako tano za mwanzo zitapiga kama kawaida. Za dari ziache mahali pake, zinasubiri amplifaya ya kweli.