Chanjo ya malaria ya RTS,S: sindano ni nzuri, kalenda ndiyo ngumu

RTS,S huja katika vichupa viwili vilivyobanwa pamoja, na makosa mengi huanzia hapo. Kimoja kina unga mweupe, ndiyo protini yenyewe. Cha pili kina AS01, kimiminika ambacho ni rahisi kukidhania maji ya kuchanganyia tu. Si maji. Kina viamsha-kinga viwili, kimoja kikitokana na gome la Quillaja saponaria, mti wa Chile. Anayeyeyusha unga ule kwa maji ya kuchanganyia chanjo ya surua humchoma mtoto sindano isiyo na kazi.

Kuchanganya kwenyewe hakuchukui muda. Vuta AS01 yote kwa bomba la sindano, isukume ndani ya kichupa cha unga, kisha zungusha kichupa polepole mpaka unga uyeyuke wote. Usikitikise kwa nguvu. Dawa iliyo sawa huwa na ukungu kidogo, haina rangi au ina hudhurungi hafifu. Ukiona chembe zinaelea, tupa. Kutoka hapo unapata dozi mbili za nusu mililita, za kuchomwa kwenye msuli wa juu ya mkono, na una saa sita tu za kuzitumia. Kwenye dispensari ndogo ambapo mtoto anayestahili huja mmoja kwa siku, dozi ya pili itamwagwa. Inauma, lakini kumwambia mama arudi wiki ijayo apatikane mtoto wa pili ni hasara kubwa zaidi: huenda asirudi.

Baridi nayo ina mtego. Chanjo hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na watu huogopa joto wakasahau barafu. Kile kialama cha mraba ndani ya duara kwenye lebo huonyesha chanjo iliyopigwa na joto. Iliyoganda hakionyeshi chochote. Pakiti za barafu zilizotoka kwenye friza zisiingie kwenye kibebea chanjo moja kwa moja. Ziache nje mpaka zianze kutoa jasho, na ukizitikisa usikie maji yakicheza ndani.

Kuhusu kinga, tuseme ukweli: hii si chanjo ya surua, ambapo dozi mbili humaliza mchezo. Plasmodium, kimelea cha malaria, ni kiumbe mwenye jeni zaidi ya 5,000, anayebadilisha umbo akitoka kwa mbu, kuingia kwenye ini, kisha kwenye damu. RTS,S humvizia mlangoni tu. Imetengenezwa kutokana na kipande cha protini inayofunika kimelea anapotoka kwenye mate ya mbu, kikaunganishwa na protini ya virusi vya homa ya ini ya B, na huzalishwa ndani ya hamira. Vimelea vikishalipita ini, kila kimoja kimezaa maelfu, na kinga hiyo haivioni tena. Ndiyo maana kazi iliyoanza 1987 haikupata pendekezo la Shirika la Afya Duniani (WHO) la kutumika kwa upana mpaka Oktoba 2021.

Majaribio makubwa yalifanyika katika vituo 11 Afrika, Kombewa na Siaya za hapa Kenya vikiwemo. Watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi zote nne, malaria ilipungua kwao kwa asilimia 36 katika miaka minne hivi. Ukisoma hapo tu utaidharau. Lakini huku Ziwa Victoria mtoto huugua mara kadhaa, si mara moja, kwa hiyo katika majaribio yale kila watoto 1,000 waliepushiwa visa 1,774. Ilipoanza kutolewa Malawi, Ghana na Kenya, vifo vya watoto waliostahili kuipata vilipungua kwa asilimia 13. Hilo si jambo dogo.

Tatizo kubwa ni kalenda. Kenya ilianza na ratiba ya umri wa miezi 6, 7, 9 na 24, Homa Bay ikitangulia Septemba 2019, katika sehemu za kaunti nane za magharibi. Mwezi wa 6 mama huja kwa vitamini A, wa 9 kwa surua. Mwezi wa 7 hauna chanjo nyingine ya kumleta, na wa 24 uko mbali kiasi kwamba kijitabu cha kliniki kimeshachanika au kiko kwa nyanya. Hiyo ya nne ndiyo isiyopaswa kukosekana: kwenye majaribio, walioishia dozi tatu hawakubaki na kinga yoyote ya maana dhidi ya malaria kali kwa kipindi chote. Kituo kinachoandika tarehe ya dozi ya nne siku ile ya tatu, kisha kumpa mhudumu wa afya ya jamii jina la mtoto, kinafanya kazi kuliko bango lolote.

Homa ya siku moja au mbili baada ya sindano ni kawaida. Degedege la homa hutokea mara chache, hasa ndani ya wiki ya kwanza. Homa ikija baadaye, apimwe malaria. Isidhaniwe si malaria eti kwa kuwa “amechanjwa”.

Mpinzani wake ni R21, chanjo nyingine ya malaria, iliyopendekezwa na WHO Oktoba 2023. Hiyo haihitaji kuchanganywa, na bei yake iliyotajwa mwaka huo ilikuwa dola 2 hadi 4 kwa dozi, wakati RTS,S ilinunuliwa kwa yuro 9.30. Kwa kinga tungeipa RTS,S saba kwa kumi. Kwa urahisi wa kutumia, nne.

Mtoto aliyechelewa haanzi upya. Endelea alipoachia, ukiacha angalau wiki nne kati ya dozi na dozi, kwa chanjo ile ile. Ikiwa haipatikani au kijitabu hakisemi alipewa ipi, amalizie na iliyopo. Na alale ndani ya neti usiku huo huo.