CoQ10 kwa moyo uliopanuka: uzoefu wangu nikiwa Mikindani

Nianze na bei, maana ndiyo watu wanayoniuliza kwanza. Chupa ya CoQ10, kirutubisho ninachomeza pamoja na dawa zangu za moyo, yenye vidonge 60 vya miligramu 100, imesimama laki moja kasoro elfu tano, pamoja na kuisafirisha kwa basi kutoka Dar. Anayelipa ni mwanangu aliyeko huko. Hapa Mtwara mjini maduka ya dawa niliyopita hayakuwa nayo. Nilichoonyeshwa badala yake ni vitamini E, "nayo ni antioksidanti (kinachozuia kemikali zinazoharibu seli), mzee, ni kitu kilekile." Si kilekile. Utafiti wa HOPE-TOO, uliotoka 2005, ulikuta waliomeza vitamini E kwa miaka mingi wakipata moyo kushindwa kufanya kazi zaidi ya wale wasiomeza. Ukiambiwa antioksidanti zinafaa moyo, uliza ni ipi.

Moyo hauna ghala la nguvu. ATP, yaani nishati inayotumiwa na seli, iliyomo ndani yake ni ya mapigo machache tu, kwa hiyo inatengenezwa papo hapo, kilo kadhaa kila siku, nyingi ikitokana na mafuta. Kazi hiyo inafanyika kwenye mitokondria, vijitanuri vya nguvu ndani ya seli, na humo CoQ10 inapokea elektroni na kuzipitisha hatua inayofuata. Pia inazima redikali huru, zile kemikali zinazoharibu seli, zinazovuja kazi ikiendelea. Moyo uliochoka huwa na CoQ10 pungufu. Mtafiti Frederick Crane aliitambua mwaka 1957 kwenye mioyo ya ng'ombe, kule Wisconsin, Marekani, kwa hiyo anayekuuzia kama uvumbuzi wa juzi anakupiga kamba.

Kilichonishawishi ni Q-SYMBIO, utafiti wa 2014. Wagonjwa 420 wa moyo, nusu wakimeza CoQ10 miligramu 100 mara tatu kwa siku kwa miaka 2. Waliopata tatizo kubwa la moyo walikuwa asilimia 15, wakati kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa walikuwa asilimia 26. Si utafiti mkubwa, na wote waliendelea na dawa zao za kawaida. Hilo la mwisho wauzaji hawalisemi. Mimi namudu viwili tu kwa siku, asubuhi na jioni.

Mzigo wa kwanza ulifika na joto lote la njiani, vidonge vimegandana bonge moja. Nikawa navibandua kwa ncha ya kisu, kimoja kikapasuka, mafuta ya rangi ya chungwa yakanibaki kidoleni hadi nilipooga jioni. Siku hizi naomba chupa ifungwe katikati ya nguo na isikae karibu na injini. Kidonge chenyewe kinataka chakula chenye mafuta, na kwa watu wa pwani hilo si tatizo, mchuzi wa nazi upo. Kwenye tumbo tupu kilinipa kichefuchefu.

Nafuu ipo? Ipo. Mwinuko wa kuelekea Boma nilikuwa nasimama njiani nimeshika kiuno, sasa nafika juu, polepole lakini nafika. Viatu vinaingia miguuni hata jioni. Kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kinaonyesha damu inayosukumwa kila pigo imetoka asilimia 30 hadi 38. Ila kipindi hichohicho daktari alinipandishia dozi ya carvedilol, dawa yangu ya moyo, nami nikaacha ng'onda, samaki mkavu wa chumvi (mke wangu bado anaila mbele yangu bila huruma), na chumvi ile ndiyo iliyokuwa ikinijaza maji. CoQ10 siwezi kuipa sifa yote, labda robo.

Nyota tatu kati ya tano. Mbili nimezikata kwa bei, na kwa maneno ya wauzaji. Dada mmoja muuza virutubisho alinijia barazani: "Shikamoo babu. Ukianza hii, achana na madawa ya hospitali, yanachosha figo." Nikamwitikia marahaba, nikamwambia, "Mjukuu wangu, hayo madawa ndiyo yaliyonifanya nikae hapa nikusikilize." Akahamia nyumba ya pili.

Anayemeza warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiiguse CoQ10 kabla ya kumwona daktari, kwa sababu inafanana kidogo na vitamini K na inaweza kuipunguzia warfarin makali. Na kama fedha haitoshi vyote, nunua kwanza dawa za hospitali ulizoandikiwa, kama carvedilol, spironolactone na Lasix (hizi mbili za mwisho hupunguza maji mwilini). Mimi mwenyewe mwanangu akikwama kutuma, chupa inasubiri mnada wa korosho wa Oktoba, dawa za hospitali hazisubiri.