Meta Verified: tiki ya bluu ya kulipia

Tangu Meta, kampuni yenye Facebook na Instagram, ilipoanza kuuza huduma ya Meta Verified mwaka 2023, mtengeneza maudhui hahitaji umaarufu ili apate tiki ya bluu, alama ya akaunti iliyothibitishwa, kwenye mitandao hiyo. Anahitaji umri wa miaka 18, kitambulisho cha serikali na ada ya kila mwezi.

Wengi hukwama kwenye jina. Jina la wasifu lilingane na la kitambulisho, na picha ya wasifu ionyeshe uso wako. Nembo au katuni haifai. Wenye majina ya kisanii, hapo ndipo penye kazi. Rekebisha vyote kabla ya kuomba, kwani ukivibadilisha baadaye utahakikiwa upya.

Washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani nenosiri pamoja na msimbo wa pili unapoingia. Kitambulisho kipige picha kwenye mwanga wa kutosha, kona zote nne zionekane. Mng'ao wa taa juu ya plastiki huficha maandishi na ombi hurudishwa. Ukiweza, lipia kupitia kivinjari: duka la programu hukata kamisheni yake, na mzigo huo unaangukia kwako.

Thamani yake halisi ni msaada wa binadamu akaunti inapotekwa, pamoja na ulinzi dhidi ya wanaojifanya wewe. Kama unatafuta wafuasi tu, hifadhi pesa zako. Ukiacha kulipa, tiki inaondoka.

TikTok haiuzi tiki. Huombwa bure ndani ya programu, na habari zako kwenye vyombo vya habari ndizo huangaliwa. Anayekuuzia ya TikTok ni tapeli.